Vipimo vya Mama Moji

Mama Moji alikuwa ameuza unga wa viazi vikuu katika soko la Lafenwa tangu binti yake Moji hajaota meno, na katika miaka yote hiyo hakupata mteja wa kumsumbua akili kama Mzee Sorinola. Mtu anaishi peke yake, mkewe alishatangulia mbele ya haki zamani, watoto wake wote wako Lagos, lakini kila Ijumaa ananunua unga wa kutosha kusonga ugali wa amala wa ukoo mzima. Majirani zake walikuwa wakigawiwa mifuko ya unga bila kuomba, na mmoja wao alishamuuliza kama ana mpango wa kufungua duka.

Kabla ya kustaafu Mzee Sorinola alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, na mpaka leo alisimama wima mbele ya kibanda cha unga kana kwamba anasubiri treni ya mkaguzi. Mama Moji hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba mzee hali unga wote ule. Alijifanya hajui kwa sababu kujifanya hajui kulikuwa kutamu, na mtu aliyekaa mjane muda wote ule ana haki ya kurefusha utamu kidogo.

Ijumaa moja mzee alikuja na furushi la karatasi, akaliweka juu ya gunia.

"Abeke," alisema. Hilo lilikuwa jina ambalo Mama Moji alipewa na bibi yake mzaa mama, na sokoni hapakuwa na mtu aliyelitumia. "Nafanya sherehe ya kutimiza miaka sabini. Kitambaa hiki kimetiwa rangi na mafundi wa Itoku, niliwachorea mwenyewe wanachotakiwa kuweka. Nusu ya jora nimeshapeleka kushona. Nusu ni hii."

"Na mimi nifanyeje nayo?" aliuliza Mama Moji, ambaye alijua vizuri sana.

"Ukija umeivaa, nitakuwa nimepata jibu. Ukija umevaa nguo nyingine, hilo nalo ni jibu. Utakula wali kama wageni wengine, na sitakusumbua tena." Mzee alikohoa. "Ila unga nitaendelea kununua."

Akaondoka, na siku hiyo hata unga akausahau.

Mama Moji alichungulia ndani ya karatasi. Kitambaa kilikuwa cha bluu ya nili iliyoiva, na juu yake, kwa rangi nyeupe, treni. Vichwa vidogo vya treni vinavuta mabehewa madogo, mstari baada ya mstari, moshi juu na reli chini. Alicheka peke yake mpaka muuza pilipili wa jirani akamuuliza kama ameumwa na siafu.

Katika mji mzima wa Abeokuta, mwanamume na mwanamke wakiingia kwenye sherehe na nguo zilizokatwa kwenye jora moja, hakuna anayeuliza zaidi. Hao ni wa nyumba moja. Hata asiyewajua atawaita mume na mke. Kwa hiyo Mama Moji alichokuwa ameshika mkononi kilikuwa "ndiyo" yake mwenyewe, yadi kadhaa, bado haijashonwa.

Na hapo ndipo tabu ilipoanzia, kwenye kushona. Fundi wake alikuwa Risikat, ambaye meza yake ilikuwa mlangoni mwa soko. Risikat alijua kukata nguo, hilo hata adui yake hakulikana, lakini mdomo wake haukuwa na kizibo. Kitambaa cha treni kikigusa tu meza yake asubuhi, jioni watu watakuwa wanampongeza bibi harusi msikitini na kanisani. Moji atazisikia habari za mama yake kwa muuza mkaa. Moji, aliyemlilia baba yake mpaka sauti ikamkauka, na ambaye hajaambiwa lolote. Hapana. Mama Moji alitaka jibu hili alitoe mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa ameshamwambia binti yake, kabla soko halijamtolea.

Akampigia simu Kehinde, mtoto wa marehemu dada yake, fundi wa Ibadan.

"Nataka blauzi na vitenge vya kufunga," alisema baada ya kumsimulia yote. "Vya kawaida tu."

"Mama mdogo, mwanamume amekuchorea treni, wewe unataka vya kawaida?" Kehinde alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Nakushonea gauni. La kubana, lishuke na mwili, chini lifunguke. Una mwili mzuri unauficha nyuma ya magunia."

"Mtoto huna adabu wewe."

"Sina. Nipe vipimo. Kifua, kiuno, hipsi, bega mpaka bega, bega mpaka kiuno, kiuno mpaka chini. Huwezi kuja?"

"Nikifunga kibanda siku moja, soko litanitafuta mpaka kwa tabibu."

"Basi kitambaa mpe dereva wa Ibadan, wewe tafuta tepu ujipime mwenyewe. Usivute tumbo. Usikaze tepu. Na usinipunguzie, maana gauni halidanganyiki."

Kununua tepu kwenyewe kulikuwa kazi. Muuza nyuzi na vifungo alimtazama kwa makini.

"Tepu ya nini, Mama Moji? Umejifunza ushoni?"

"Mapazia."

"Ya chumba gani?"

"Cha kulala."

"Chumba cha kulala kimeanza kutaka mapazia mapya," alisema muuza vifungo, akiwaambia zaidi wanawake waliokaa nyuma yake. Mama Moji aliinyakua tepu akaitumbukiza kwenye kifuko chake cha kiunoni, akaondoka haraka huku nyuma akisikia vicheko.

Kifuko hicho alikirithi kwa mama yake, pamoja na kibanda. Kilikuwa cha turubai nene, kimefungwa kwa kamba chini ya kitenge, na ndani yake mlikuwa na maisha yake ya kila siku: funguo za kibanda, funguo za nyumba, miwani, kokwa za kola, kopo la dawa ya kuchua, chenji, simu, kitambaa cha jasho, na sasa tepu. Alikifunga akiamka, akakifungua akienda kuoga. Kilishakuwa kiungo chake. Mtu haendi akikumbuka kwamba ana kiwiko.

Jumapili Moji alipokwenda kanisani, Mama Moji alisema tumbo linamkata. Alipohakikisha lango limefungwa, alibana mlango wa chumba kwa kiti, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Kujivua hakukumjia akilini. Mtu mzima hakai uchi mchana kweupe akijizungushia kamba. Alianza na kifua, na hapo hapo akagundua kwamba binadamu ameumbwa vibaya kwa kazi hii. Tepu aliishika mbele, nyuma ikateleza. Alipoipandisha nyuma, mbele ikashuka. Alizunguka mwenyewe akiifuata, mara mbili tatu, mpaka akaona kizunguzungu na kukaa kitandani akicheka, mkono mdomoni, asije akasikika na wapangaji.

Kiuno kilikubali. Hipsi zilikubali pia, na kwa ukarimu. Alisoma namba, akasogea kwenye mwanga, akaisoma tena. Inchi hamsini na nne. Alijigeuza ubavu mbele ya kioo, akajitazama, akajigeuza ubavu wa pili. Kumbe. Miaka yote hii anauza unga na hakuna aliyemwambia. Alijipigapiga nyonga kwa heshima mpya.

Mabega ndiyo yaliyokataa kabisa. Hakuna mtu anayeweza kubana tepu kwenye mabega yake yote mawili akabaki na macho ya kuisoma. Alifikiri, akaenda jikoni akarudi na kipande cha mkaa. Aliubandika mgongo ukutani, akachora alama penye bega la kulia, akachora penye bega la kushoto, kisha akasogea akaupima ukuta. Alifurahi kwa uvumbuzi huo kiasi kwamba alichora na urefu wa mwili wake, na urefu wa mkono, na alipomaliza ukuta wa chumba ulikuwa na mwanamke mzima wa mkaa asiye na kichwa.

Akampigia Kehinde, akamsomea.

"Hipsi hamsini na nne?" alisema Kehinde.

"Ndivyo tepu inavyosema."

"Mama mdogo, ulikuwa umevaa nini?"

"Nguo zangu za kawaida."

"Za kawaida zipi? Na chini ya..."

Lango lililia. Moji alikuwa amerudi mapema. Mama Moji alikata simu, akaitumbukiza kifukoni, akauegemea ukuta kwa mgongo mpana.

"Tumbo linaendeleaje?" aliuliza Moji mlangoni.

"Limetulia."

"Na huo mkaa ukutani?"

"Panya."

Moji aliutazama ukuta, akamtazama mama yake, akaenda kubadilisha nguo.

Siku zilizofuata Mama Moji aliuza unga akiwa hayupo. Aliwajazia watu vipimo mpaka juu, akasahau kudai mifuko, akaziacha simu za Kehinde zilie kifukoni kwa kuogopa masikio ya soko, akamsalimu Risikat mara mbili kwa dakika moja. Kila jioni alijiambia leo nitamwambia Moji, na kila jioni akamwambia kuhusu bei ya viazi. Mzee Sorinola alikuja Ijumaa kama kawaida, akanunua unga kama kawaida, na wote wawili walizungumza kuhusu mvua kwa uzito ambao mvua haijawahi kupewa.

Gauni lilifika asubuhi ya sherehe yenyewe, mikononi mwa dereva wa Ibadan, likiwa kwenye mfuko wa sukari ili watu wasijue. Mama Moji alioga, akajipaka mafuta, akafungua mfuko. Mabehewa yalikuwa yamepangwa yakakutana sawa kwenye mishono, Mungu ambariki mtoto yule asiye na adabu. Mabega yalikaa bila kosa. Kifua kilikaa. Akapandisha zipu, akageukia kioo.

Kuanzia kiunoni kwenda chini, gauni lilikuwa linamsubiri mtu mwingine. Lilining'inia pande zote, treni zimepinda, mabehewa yameanguka kwenye mikunjo. Ndani yake mngeweza kupangishwa mtu na akalipa kodi. Alilivuta huku, likafura kule. Alijaribu kutembea na gauni likachelewa kufika.

Aliketi kitandani. Kutoka upande wa stesheni ngoma zilishaanza. Kwa Risikat hakuna njia, Risikat alikuwa ameshaalikwa na ameshakwenda. Akivaa hili atachekwa mpaka azikwe. Akivaa jingine, mwanamume yule atasimama wima, atamkaribisha wali, na Ijumaa atakuja kununua unga wa kula mwenyewe, kilo moja. Wazo hilo la kilo moja ndilo lililomtoa machozi.

"Mama?" Moji alisukuma mlango. Aliona gauni, akaona treni, akaona machozi.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alisema Mama Moji.

"Kuniambia nini? Kuhusu mzee wa stesheni?" Moji aliketi kando yake. "Mama, Lafenwa nzima inajua. Sisi wenyewe tunakula unga wako anaougawa. Mpangaji wetu wa pili analetewa na mzee kila Jumamosi, naye hutupunguzia."

Mama Moji alipangusa pua. "Na wewe unasemaje?"

Moji alishika ukingo wa gauni, akafuata treni moja kwa kidole. "Baba angecheka," alisema. "Angesema huyu mtu ana subira ya reli. Mimi nilikuwa nangoja tu uniambie wewe." Mama yake akamshika mkono, wakakaa hivyo kidogo, wote wawili wanalia na hakuna mwenye huzuni. Kisha Moji akaangalia nyonga za gauni. "Lakini hili alipimwa nani?"

"Mimi. Nilijipima mwenyewe. Nilipata hamsini na nne."

"Hamsini na nne ya wapi?" Moji alitazama huku na huku, na macho yake yakatua juu ya mto. Kifuko kilikuwa kimelala pale, kimetuna, pale Mama Moji alipokiweka akienda kuoga. Moji alikiinua kwa mikono miwili. "Mama. Siku ile ulikivua hiki?"

Mama Moji alijishika kiuno kilichokuwa kitupu.

Moji alianguka chali kitandani. Alicheka mpaka akapiga godoro kwa ngumi, akijaribu kusema "panya" na akishindwa, na mama yake, ambaye alitaka kukasirika, alijikuta amelala kando yake akicheka pia, miguu ya mabehewa hewani. Zile hipsi alizozipigapiga kwa heshima zilikuwa funguo na kopo la dawa.

Dawa ilikuwa moja. Walikifunga kifuko mahali pake chini ya gauni, wakazungushia na kitenge kimoja kilichokunjwa. Moji akapandisha zipu. Gauni lilikaa kwenye mwili kama lilivyokusudiwa, treni zikanyooka, na Mama Moji aliyekuwa kwenye kioo alikuwa mwanamke wa kuogopwa.

"Usicheze sana," alisema Moji akimfunga kilemba.

Maturubai yalikuwa yamejaa. Mama Moji alipotokea, mpiga ngoma ya kwapani, ile inayotamka majina ya watu kwa mlio wake, ndiye aliyemwona kwanza, akaacha kumsifu diwani katikati ya jina, ngoma ikaanza kulia kama treni inayoingia stesheni. Watu wakageuka. Sauti za vijiko zikakoma. Risikat, aliyekuwa amekaa mbele na paja la kuku, alisema kwa nguvu, "Hiyo haikushonwa na mimi," na ndipo akatambua treni, na kwa mara ya kwanza tangu Lafenwa imjue, akanyamaza.

Mzee Sorinola alikuwa amesimama mwisho wa maturubai, ndani ya joho la mabehewa. Hakutabasamu. Alimtazama tu akija, akiwa wima kabisa, na sharubu zilikuwa zinatetemeka. Mama Moji alihisi miguu yake inakuwa ya msichana. Alikuwa anatembea kuelekea kwake mbele ya mji mzima, na kila hatua ilikuwa inasema ndiyo.

"Abeke," alisema mzee alipomfikia.

"Nimekuja kula wali," alisema yeye.

Wakacheza. Ungefanya nini na wewe, na ngoma ile? Noti zilianza kubandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao, wanawake wa soko walishangilia, na Mama Moji akalisahau onyo la binti yake. Alishuka chini polepole, kama alivyokuwa akishuka enzi zake, na alipokuwa anapanda, kamba ya kifuko, kamba ya mama yake, ilikatika.

Kifuko kilianguka katikati ya miguu yake kwa kishindo, kikafuatwa na kitenge. Gauni likanywea. Funguo zikatawanyika, kokwa za kola zikabingirika mpaka chini ya meza ya wageni, kopo la dawa likazunguka kwa muda likatulia, na tepu mpya ya fundi ikajikunjua kwenye vumbi mpaka kwenye kiatu cha Mzee Sorinola.

Ngoma ilinyamaza. Mama Moji alishika nyonga zake zilizobaki. Kama ardhi ingempa nafasi, angeingia.

Mzee aliinama kuiokota tepu. Ndani ya joho lake ukasikika mpasuko mrefu, halafu kifungo kimoja kikaruka, na cha pili, na cha tatu kikamgonga mpiga ngoma. Joho lilifunguka mbele. Kanzu yake ya ndani, ya treni zile zile, ilikuwa imemkaza tangu mwanzo mpaka mabehewa yalikuwa yametanuka. Kumbe ndiyo maana leo alisimama wima kupita kawaida yake. Alikuwa hawezi kusimama vingine.

Wakatazamana, yeye na gauni la watu wawili, mzee na kanzu ya nusu mtu.

"Nani alikupima, Abeke?" aliuliza mzee kwa sauti ndogo.

"Mimi mwenyewe. Nilimkwepa Risikat." Aliionyesha kanzu kwa kidevu. "Na wewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilimkwepa Risikat." Mzee alitazama chini. "Nilivuta tumbo."

Kutoka kwenye viti vya mbele Risikat aliguna guno la mtu aliyeonewa, na maturubai yote yakalipuka. Watu walicheka wakishikana, walicheka wakimwaga supu. Moji alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo hana nguvu. Mama Moji naye alihisi kicheko kinampanda, na safari hii hakuziba mdomo. Alimpokonya mzee tepu mkononi.

"Geuka," alisema.

"Hapa?"

"Hapa. Watu wote wapo."

Mzee Sorinola akageuka, akampa mgongo. Mama Moji aliweka ncha ya tepu kwenye bega la kulia, na mzee, bila kuambiwa, akainua mkono akaibana kwa kidole chake ili isiteleze. Yeye akaivuta mpaka bega la kushoto. Ilichukua muda mfupi sana. Hapakuhitajika mkaa wala ukuta.

"Sasa kiuno," alisema, akizungusha mikono yake yote miwili kumzunguka mzee mbele ya Lafenwa nzima. "Achia pumzi, Sorinola."

Mzee aliachia pumzi. Ilikuwa nyingi, na kanzu ikapasuka upande wa pili pia.

"Risikat," aliita Mama Moji bila kugeuka, "shika kalamu, andika. Tunashona upya, wote wawili."

Risikat alikuwa ameshaichomoa kalamu kwenye kilemba chake.